Coram's Fields: Ardhi ya Watoto Katikati ya London

Coram's Fields ni kiwanja cha watoto chenye ukubwa wa ekari saba, karibu hekta tatu, kando ya mtaa wa Guilford katika eneo la Bloomsbury, London. Kutoka SOAS, chuo ambacho kimefundisha Kiswahili kwa vizazi kadhaa, ni mwendo mfupi kwa miguu. Kutoka hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ni karibu zaidi. Kabla ya kuwa kiwanja, mahali hapo palisimama Foundling Hospital, ambayo licha ya jina lake haikuwa hospitali ya wagonjwa. Yalikuwa makao na shule ya watoto ambao mama zao hawakuweza kuwalea, na yalidumu hapo kwa zaidi ya miaka 180. Mwaka 1926 watoto walihamishwa, ardhi ikauzwa kwa mfanyabiashara, na majengo yakabomolewa. Kilichobaki kimebaki kwa sababu majirani walikataa kuona ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya watoto ikigeuzwa soko na maghorofa.

Mwanzilishi wa makao hayo alikuwa baharia. Thomas Coram alizaliwa Lyme Regis, kusini magharibi mwa Uingereza, karibu mwaka 1668. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na akiwa na umri wa miaka 11 alikuwa tayari baharini. Baadaye alivuka Atlantiki hadi Massachusetts, akafanya kazi ya kuunda meli, akamwoa Eunice, na mwaka 1704 wakarudi Uingereza. Hawakujaliwa mtoto. Alipokuwa akiishi Rotherhithe, kwenye ukingo wa mto Thames, shughuli zake zilimlazimu kwenda mjini alfajiri na kurudi usiku, na njiani aliwaona watoto wachanga wametupwa kando ya barabara, wengine wakiwa hai na wengine wameshakufa. Watu wengi waliipita njia ile ile na kuyaona yale yale. Coram aliamua kutafuta nyumba ya watoto hao, akaitafuta kwa miaka 17.

Kikwazo hakikuwa fedha pekee. Miji ya bara la Ulaya ilikuwa na nyumba za aina hiyo tangu zamani. Ile ya Florence, Ospedale degli Innocenti, ilianzishwa katika karne ya 15. Lakini Waingereza wengi wa wakati huo waliamini kwamba kumpokea mtoto wa nje ya ndoa ni kuubariki uzinzi, na waheshimiwa walisita kuweka majina yao kwenye ombi la Coram. Alipokataliwa na wanaume, aliwaendea wake zao. Mwaka 1729 Duchess wa Somerset alitia saini, na katika miaka iliyofuata wanawake wengine wa tabaka la juu wakamfuata hadi wakafika 21. Ombi lao ndilo lililoufungua mlango. Tarehe 17 Oktoba 1739 Mfalme George wa Pili alitoa hati ya kifalme ya kuanzisha makao hayo, Duke wa Bedford akawa rais wa kwanza, na usimamizi ukakabidhiwa baraza la magavana. Jambo la kusikitisha ni kwamba Coram mwenyewe, mtu wa maneno makali asiyejua kuficha alichokiona, alikosana na magavana wenzake miaka michache baadaye na kuondolewa katika uongozi. Hata hivyo aliendelea kufika kwenye makao na kusimamia ubatizo wa watoto.

Watoto wa kwanza walipokelewa usiku wa tarehe 25 Machi 1741, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Hatton Garden. Taa ya mlangoni ilizimwa ili akina mama wasionekane nyuso zao. Kabla ya usiku wa manane nafasi zote 30 zilikuwa zimejaa, na wanawake waliochelewa walirudishwa na watoto wao mikononi. Mvulana wa kwanza kubatizwa alipewa jina la Thomas Coram, na msichana akaitwa Eunice Coram. Kila mtoto alipewa jina jipya. Lile alilokuja nalo lilifungiwa kwenye kumbukumbu.

Kwa kuwa walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, mwaka uliofuata magavana walianzisha kura. Mama aliingiza mkono katika mfuko na kutoa kijipira kimoja. Cheupe kilimaanisha mtoto atapokelewa iwapo atapimwa na kuonekana hana maradhi ya kuambukiza. Chekundu kilimaanisha asubiri, huenda mwingine akakosa sifa. Cheusi kilimaanisha arudi na mtoto wake. Mara nyingi kura hiyo ilipigwa mbele ya watazamaji, mabibi na mabwana walioalikwa kuja kuona. Ilikuwa haki ya namna fulani, maana haikumpendelea yeyote. Ukatili wake nao haufichiki.

Wakati huo magavana walikuwa wameshapata ardhi. Waliichagua Lamb's Conduit Fields, malisho yaliyokuwa kaskazini mwa jiji, mahali penye hewa safi na mtazamo wa wazi hadi vilima vya Hampstead. Mmiliki wake, Earl wa Salisbury, hakutaka kuuza kipande, kwa hiyo wakanunua ekari zote 56 kwa karibu paundi 7,000. Ununuzi huo uliowazidi kimo ulikuja kuwa tegemeo la makao kwa karne mbili, na ndio uliowezesha kuwepo kwa kiwanja cha leo. Jengo lilisanifiwa na Theodore Jacobsen na ujenzi ulianza Septemba 1742. Bawa la magharibi lilikamilika mwaka 1745, likafuatiwa na kanisa dogo katikati na bawa la mashariki mwaka 1752. Mbele yake uliachwa uwanja mpana, na pande zake zikajengwa baraza ndefu zenye nguzo ambako watoto walifanya kazi na kucheza wakati wa mvua.

Mama aliyemwacha mtoto hakuandika jina lake. Ili aweze kumtambua siku akirudi, aliacha alama: sarafu iliyokatwa nusu, pete, kifungo cha nguo, utepe, mstari wa shairi. Wasiokuwa na kitu walikatiwa kipande cha nguo ya mtoto, kikabanwa kwa pini kwenye karatasi ya usajili, na mara nyingine mama aliondoka na kipande cha pili. Karibu vipande 5,000 vya vitambaa hivyo vimehifadhiwa hadi leo, na wataalamu wanavitambua kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko wote nchini Uingereza wa nguo za watu wa kawaida wa karne ya 18. Maskini wa wakati ule hawakuacha picha wala barua. Waliacha pamba na kitani. Kati ya mwaka 1741 na 1760 walipokelewa watoto 16,282. Waliorudiwa na wazazi wao walikuwa 152.

Miaka minne ya mwisho katika kipindi hicho inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia kuiangusha taasisi. Mwaka 1756 Bunge lilikubali kutoa fedha za umma kwa makao, kwa sharti kwamba kila mtoto aliyeletwa apokelewe bila kura. Kikapu kikatundikwa langoni. Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni, waliletwa watoto 117. Habari zilienea hadi wilaya za mbali, na watu wakaanza kulipwa kusafirisha watoto wachanga hadi London kwa mikokoteni na katika matenga juu ya farasi. Wengi walikufa njiani. Wasimamizi wa parokia waliokwepa gharama ya kuwatunza maskini wao waliwanyang'anya akina mama watoto na kuwapeleka langoni kwa nguvu. Magavana walifungua matawi mikoani, kama Ackworth katika Yorkshire na Shrewsbury, na kutafuta wanawake wa kunyonyesha katika vijiji vingi, lakini mzigo ulikuwa umewazidi. Bunge lilisitisha mpango huo mwaka 1760. Katika miaka hiyo minne walipokelewa watoto 14,934, na kati yao takriban 4,400 tu ndio walioishi hadi kufikia umri wa kufundishwa kazi.

Takwimu hizo zimetumiwa mara nyingi kuushutumu mlango uliokuwa wazi. Shutuma hiyo si ya haki kamili. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi mno London yote, na katika nyumba za maskini za parokia ni wachache sana waliotimiza mwaka mmoja. Makao ya Coram, tofauti na parokia, yaliandika kila kifo, na ndiyo maana vifo vyake vinajulikana. Madaktari wake, akiwemo Richard Mead, walikuwa miongoni mwa bora nchini. Watoto walichanjwa dhidi ya ndui wakati ambapo wazazi wengi bado waliogopa. Na mwaka 1748 William Cadogan aliwaandikia magavana insha kuhusu unyonyeshaji na ulezi wa watoto iliyosomwa kwa miaka mingi baadaye. Gavana mmoja, Jonas Hanway, alitumia aliyojifunza hapo kupigania sheria ya mwaka 1767 iliyozilazimu parokia za London kuwapeleka watoto wao wachanga kulelewa mashambani badala ya kuwaacha wafe mjini.

Fedha za serikali zilipokatika, makao yalirudi kwa wahisani, na hapo sanaa ilikuwa imeshaandaa njia. Mchoraji William Hogarth, ambaye naye hakuwa na mtoto, alikuwa gavana tangu mwanzo. Alimchora Coram mwaka 1740 kama mtu wa kawaida aliyevaa koti lake la kila siku, miguu yake ikiwa haifiki sakafuni vizuri, akampa ukubwa wa picha uliozoeleka kwa wafalme. Aliwashawishi wenzake, wakiwemo Joshua Reynolds na Thomas Gainsborough, watoe kazi zao zipambe kuta. Watu wa tabaka la juu walikuja kutazama picha, wakaona watoto, wakatoa michango. Wakati huo London haikuwa na jumba lingine ambako umma ungeweza kuona kazi za wachoraji Waingereza walio hai, na maonyesho hayo yalisaidia kuzaa Royal Academy mwaka 1768.

Mtunzi wa muziki George Frideric Handel aliongoza tamasha la kuchangia kanisa mwaka 1749, akalipa kanisa hilo kinanda, na mwaka 1750 akaongoza humo utenzi wake wa *Messiah*. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wengine walikosa nafasi na tamasha likarudiwa. Tangu hapo lilifanyika kila mwaka na kuingiza maelfu ya paundi. Alipofariki mwaka 1759 aliiachia taasisi nakala ya muziki huo katika wosia wake. Coram alikuwa ametangulia, mwaka 1751, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80 na mali kidogo sana, akazikwa chini ya kanisa hilo. Mabaki yake sasa yamo katika kanisa la St Andrew, Holborn.

Maisha ya mtoto wa makao yalifuata mkondo mmoja. Siku chache baada ya kupokelewa alipelekwa kijijini kwa mama wa kunyonyesha, akakaa huko hadi umri wa miaka mitano hivi. Kwa watoto wengi huo ndio wakati pekee walioishi kama watoto wa nyumbani. Kisha alirudishwa London, akavishwa sare ya kahawia, akalala katika bweni lenye vitanda safu kwa safu. Wavulana na wasichana walitenganishwa. Walijifunza kusoma, dini, na kazi za mikono: wavulana kusokota kamba na kulima bustani, wasichana kushona, kufua na kupika. Wavulana walitolewa kwenda baharini, mashambani au kwa mafundi kama wanagenzi; wasichana walipelekwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Katika karne ya 19 makao yalikuwa na bendi ya wavulana iliyosifika, na wengi wa wanabendi hao waliingia katika bendi za jeshi. Utafiti wa kumbukumbu, uliofikishwa kwa umma katika maonyesho ya mwaka 2022, umeonyesha kwamba miongoni mwa watoto wa karne ya 18 walikuwamo pia wenye asili ya Afrika na Asia.

Masharti ya kupokea watoto yalibadilika. Kura ilikoma, na mama akatakiwa kuandika ombi na kuhojiwa na kamati ya wanaume. Katika karne ya 19 alitakiwa kuthibitisha kwamba huyu ni mtoto wake wa kwanza, kwamba baba yake amemkimbia, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mwanamke mwenye sifa njema. Kukubaliwa kulimwezesha kurudi kazini bila aibu yake kujulikana. Ombi lililokataliwa halikuelezwa sababu. Charles Dickens, aliyeishi mtaa wa Doughty jirani na makao kati ya mwaka 1837 na 1839 na kusali katika kanisa lake, aliyaandikia makala mwaka 1853, na mhusika wake Tattycoram katika riwaya ya *Little Dorrit* ni msichana aliyetoka humo.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likisogea. Katika miaka ya 1790 magavana, wakihitaji mapato, waliamua kukodisha sehemu ya malisho yao kwa wajenzi. Wakazi wa karibu walilalamika, na hata ndani ya baraza wapo waliosema kwamba watoto watakosa hewa. Msanifu Samuel Pepys Cockerell alitoa mpango uliojibu hoja hiyo: kila upande wa makao pawe na bustani ya mraba isiyojengwa, Brunswick Square magharibi na Mecklenburgh Square mashariki, nyumba za kupangisha zizizunguke, na makao yabaki katikati na nafasi yake mbele. James Burton ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya awali. Kodi za nyumba hizo zilizidi kuongezeka hadi zikazidi bei yote ya ununuzi wa mwaka 1741. Mpango wa Cockerell ulikuwa wa biashara, lakini ulitambua jambo ambalo miaka 130 baadaye lingesahauliwa na waliokuwa na dhamana ya ardhi hiyo: kwamba nafasi tupu karibu na watoto ni sehemu ya malezi yao.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia magavana walifikia uamuzi wa kuondoka. Bloomsbury ilikuwa imezungukwa na moshi na msongamano, na wataalamu wa afya walishauri mashamba. Mwaka 1926 watoto walihamishiwa Redhill, Surrey, kwa muda, na mwaka 1935 katika majengo mapya huko Berkhamsted, Hertfordshire. Ardhi yote ya London, pamoja na bustani zile mbili za mraba, iliuzwa kwa James White, mfanyabiashara na mmiliki wa ukumbi wa michezo ya kuigiza, kwa paundi 1,650,000. White alikusudia kuhamishia hapo soko la matunda, mboga na maua la Covent Garden. Kila usiku malori yangeingia katika mitaa ya nyumba za kuishi, na mahali pa bustani pangekuwa maghala.

Pingamizi lilianza mara moja, na lilitoka pande mbili tofauti. Wapangaji wa nyumba za Brunswick na Mecklenburgh, wengi wao madaktari, wanasheria na waandishi, walitetea utulivu wa mitaa yao. Lakini upande wa kusini na mashariki, katika vichochoro vya Holborn na St Pancras, ziliishi familia zilizojibana chumba kimoja au viwili, na watoto wao walicheza barabarani katikati ya magari. Kwao ekari zile zilikuwa nafasi pekee iliyobaki. Mpango wa soko ulihitaji idhini ya Bunge na haukuipata. White alilemewa na madeni akafariki mwaka 1927. Soko la Covent Garden liliendelea kubaki mahali pake hadi mwaka 1974, lilipohamia Nine Elms ng'ambo ya Thames.

Kushindwa kwa soko hakukuiokoa ardhi. Wenye mali walikuwa bado nayo, majengo ya Jacobsen yalibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1920, na kiwanja kilichosafishwa katikati ya London hakikosi mnunuzi. Kupotea kwa kanisa alimopiga muziki Handel na alimozikwa Coram ni hasara ambayo hakuna kiwanja cha michezo kinachoweza kuifidia, na magavana wa wakati huo hawawezi kusamehewa kirahisi. Baadhi ya mapambo ya ndani yaling'olewa na kuhifadhiwa. Vilivyoachwa juu ya ardhi ni lango la mtaa wa Guilford na zile baraza zenye nguzo.

Aliyeongoza kazi ya kuikomboa ardhi alikuwa Janet Trevelyan, na hakuja mikono mitupu. Mama yake, mwandishi wa riwaya Mary Ward, alikuwa ameanzisha mwishoni mwa karne ya 19 kituo cha jamii katika mtaa wa Tavistock Place, umbali mdogo kutoka makao ya Coram. Hapo watoto wa wafanyakazi walipokelewa jioni baada ya shule, wakacheza, wakajifunza kazi za mikono na kupata joto hadi wazazi warudi. Mwaka 1899 ilifunguliwa hapohapo shule ya mchana ya watoto walemavu, mojawapo ya za kwanza nchini. Vituo vya jioni vikaenea katika shule nyingi za London. Mary Ward alipofariki mwaka 1920, Janet aliendelea navyo. Kwa hiyo kampeni ya kuokoa Coram's Fields ilijengwa juu ya miaka mingi ya kuwajua watoto wa mtaa na wazazi wao, na juu ya uzoefu wa kubisha hodi katika ofisi za serikali ya jiji. Hilo ndilo lililoitofautisha na kelele za siku moja.

Kampeni iliendeshwa kwa hatua. Kwanza ilitafutwa ruhusa ya watoto kuitumia ardhi wakati mazungumzo yakiendelea. Lord Rothermere, mmiliki wa magazeti kutoka ukoo wa Harmsworth, alitoa fedha zilizowezesha kufunguliwa kwa kiwanja cha muda, na maelfu ya watoto wakaanza kuingia. Hatua hiyo ilikuwa na busara kubwa. Kiwanja kinachotetewa kwenye karatasi ni rahisi kukipoteza. Kiwanja ambacho watoto wa kata nzima wanakitumia kila siku kinahitaji mtu jasiri wa kuwafukuza. Kisha likafuata changizo la kununua. Matajiri walitoa kwa maelfu na maskini kwa peni. Baraza la jiji, London County Council, lilichangia kutoka katika fedha za umma, na Rothermere akaongeza tena.

Katika miaka hiyohiyo suala la nafasi za wazi lilikuwa limewasha hisia London nzima. Bustani ya Mornington Crescent, kilomita chache kaskazini, ilikuwa imefunikwa na kiwanda cha sigara kilichokamilika mwaka 1928, na wakazi walikuwa wamegundua kwamba bustani walizozizoea hazikuwa na ulinzi wowote wa kisheria. Serikali iliunda tume, na mwaka 1931 Bunge likapitisha sheria ya kuzilinda bustani za mraba za London, zaidi ya 400, zisijengwe. Brunswick na Mecklenburgh zilikuwa miongoni mwake. Hivyo bustani zile mbili zilinusurika kwa sheria, wakati ekari saba za katikati zilinusurika kwa kununuliwa. Njia zote mbili zilihitajika, na wakazi hawakungoja moja ikamilike ndipo waanze nyingine.

Mwaka 1936 ununuzi ulikamilika na kiwanja kikafunguliwa rasmi kwa jina la Coram's Fields. Mwaka huohuo Janet Trevelyan alitunukiwa nishani ya Companion of Honour kwa kazi hiyo. Magavana wa makao ya zamani nao walinunua tena kipande cha kaskazini mwa eneo, wakajenga hapo ofisi zao katika nambari 40 Brunswick Square na kurudishia ndani yake chumba cha mikutano cha karne ya 18 pamoja na plasta zake za mapambo. Taasisi iliyouza ikarudi kuwa jirani wa ardhi iliyoiacha.

Tangu hapo kiwanja kimeendeshwa na shirika huru la hisani. Kuingia ni bure. Kina viwanja vya mpira, bembea, mchanga na maji ya kuchezea, wanyama wa kufugwa ambao mtoto wa mjini huwaona kwa nadra, shule ya awali na shughuli za vijana baada ya masomo. Sharti lake maarufu limebandikwa langoni: mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Bustani nyingi za miji humvumilia mtoto kama mgeni, zikimkataza kupiga kelele, kukanyaga nyasi na kucheza mpira; hapa mgeni ni mtu mzima. Sharti hilo limekilinda kiwanja kuliko uzio wowote, kwa sababu limezuia kigeuzwe polepole kuwa mahali pa wafanyakazi wa ofisi kulia chakula cha mchana.

Makao yenyewe hayakudumu Berkhamsted. Baada ya Vita vya Pili fikra za ulezi zilibadilika, mabweni makubwa yakaachwa, na kufikia mwaka 1954 watoto wa mwisho walikuwa wameondoka, wengi wakipelekwa kwa familia. Majengo yalichukuliwa na serikali ya mkoa na leo ni shule ya Ashlyns. Tawi la zamani la Ackworth lilikuwa limeshakuwa shule ya Waquaker tangu mwaka 1779. Katika historia yake yote Foundling Hospital ilipokea takriban watoto 25,000. Shirika lililoirithi, linaloitwa Coram, bado lipo kando ya kiwanja na linashughulika na uasili wa watoto na utetezi wa haki zao kisheria. Jengo la nambari 40 Brunswick Square lilifunguliwa kuwa Foundling Museum mwaka 2004. Humo zinaonekana alama za akina mama, picha ya Coram iliyochorwa na Hogarth, na nakala ya muziki iliyoachwa na Handel. Nje, mwaka 1963, iliwekwa sanamu ya Coram akiwa ameketi.

Kati ya waliochangia kuifikisha ardhi hii ilipo, heshima ya kwanza ni ya Coram, na ya pili si ya magavana waliomrithi. Ni ya wakazi wa Bloomsbury, Holborn na St Pancras, ambao katika miaka kumi, kuanzia 1926 hadi 1936, walifanya kazi ambayo wadhamini wa kisheria walikuwa wameiacha.